Omo Wima au Omo Lililoinama: Ya Kuangalia Kabla Hujanunua Boti ya Starehe

Mtu akinionyesha picha mbili kwenye simu, moja ya boti ya kisasa yenye vioo kila upande na nyingine ya boti ya mbao iliyopakwa vanishi ikang'aa, kisha akaniuliza ipi nzuri, huwa simjibu. Namuuliza kwanza: mtalala humo, au mtatoka asubuhi na kurudi jioni? Mtakuwa wangapi? Nani atarusha kamba mkifika gatini? Nimefanya kazi kwenye boti za watu kwa miaka mingi, mwanzoni nikisugua sitaha, baadaye nikishika usukani, na nimeona wenye boti wakichagua sura kwa macho, halafu wakalalamikia joto, kelele na gharama ambazo sura hiyohiyo ndiyo iliyozileta.

Tuanze na omo, yaani ncha ya mbele ya boti, maana ndilo linalozua ubishi kuliko vyote. Kwa miongo mingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, boti za starehe zilichorwa na omo lililoinamia mbele, mbavu zake zikipanuka kadiri zinavyopanda. Macho yakazoea. Ndiyo maana WallyPower 118 ilipotoka mwaka 2003, yenye mita 36, pembe kali na tabini tatu za gesi, injini kama za ndege, za kuifikisha kwenye mwendo wa kilomita 110 hivi kwa saa, wengi waliiona ni chombo cha kivita kilichopotea njia. Mwaka 2008 ikaja boti ya mita 119 iitwayo A, iliyobuniwa na mbunifu Mfaransa Philippe Starck, ambayo omo lake halikuinama wala halikusimama: lilirudi nyuma kadiri linavyopanda. Watu walicheka, wakapiga picha. Leo omo wima limeshuka hadi kwenye boti za chini ya mita 10, na kampuni kama Axopar ya Finland, iliyoanzishwa mwaka 2014, zimelifanya kuwa jambo la kawaida.

Kinachonifurahisha ni kwamba omo hilo si jipya hata kidogo. Turbinia, chombo alichokijenga mhandisi Charles Parsons kwa majaribio ya tabini ya mvuke, kilichowashangaza watu mbele ya jeshi la majini la Uingereza mwaka 1897 kwa kukimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa, kilikuwa na omo lililosimama. Boti nyembamba ambazo matajiri wa New York walizitumia kwenda kazini miaka ya 1920, nyingi zilikuwa hivyohivyo. Kwa hiyo sura tunayoiita ya zamani ni changa kuliko ile tunayoiita ya kisasa. Hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Waliosema hivyo hawakuwa na habari za yoti, lakini wangezielewa.

Sasa kwa nini limerudi? Wengi husema ni mitindo tu. Mimi nadhani kodi ya gati imechangia kuliko watu wanavyokiri. Mara nyingi sehemu ya kuegesha boti hulipiwa kwa urefu wa chombo kizima. Omo lililoinama linakula mita moja au mbili za urefu huo juu ya maji, mahali ambapo huwezi kuweka kitanda wala choo. Ukilisimamisha, urefu uleule unakupa chumba kikubwa zaidi. Na kuna faida ya mwendo: kwa boti inayokwenda taratibu, ikikata maji bila kuinuka juu yake, kikomo cha mwendo hutegemea urefu wa sehemu iliyomo majini. Chukua boti mbili za mita 12. Yenye mita 10 majini huanza kuzidiwa ikifika kama kilomita 14 kwa saa; yenye karibu mita 12 majini hufika 15 na nusu. Tofauti ni ndogo, lakini ukisafiri siku nzima utaiona kwenye mafuta.

Hasara zake huwa hazisemwi na muuzaji. Ya kwanza ni nanga. Kwenye omo lililoinama, nanga inashuka mbali na mwili wa boti. Kwenye omo wima, inashuka ikikwaruza, isipokuwa mjenzi ameweka mkono unaotokeza mbele au bamba la chuma cha pua la kulinda. Mwambie muuzaji aishushe na kuipandisha nanga mbele yako, mara mbili, huku boti ikiyumba kidogo. Kisha inama utazame rangi ya omo karibu na maji. Mikwaruzo itakueleza mengi kuliko karatasi za matengenezo. Ya pili ni rasharasha. Ule upana wa mbavu za mbele kwenye boti za zamani haukuwa pambo, ulikuwa unayatupa maji pembeni. Boti yenye ubavu ulionyooka inahitaji kingo nzuri chini, zile za kuyakata maji yanayopanda, la sivyo upepo wa ubavuni unayarudisha yote usoni mwa nahodha. Wapo wanaozichora vizuri sana kingo hizo. Wapo ambao wamechora picha tu.

Kwenye vioo ndiko ninakowasihi watu wasikimbilie. Zamani vioo viliwekwa kwenye fremu, vidogo, na dirisha la ubavuni lilikuwa tundu la mviringo. Teknolojia ya kugundisha vioo vikubwa moja kwa moja kwenye mwili wa boti imebadilisha kila kitu: sasa unalala huku ukitazama maji kwa usawa wa macho yako, na sikatai, ni raha. Lakini jua nalo linaingia. Chumba chenye vioo pande tatu kinahitaji kiyoyozi kikubwa, kiyoyozi kikubwa kinahitaji jenereta, na jenereta ina sauti na mtetemo hata ikifungiwa vipi. Nimewahi kuhudumu kwenye boti iliyojengwa vizuri kabisa, ambayo wenyewe hawakuwahi kula mchana ndani ya sebule yake yenye vioo. Walijibanza nyuma, kwenye kivuli kidogo kilichobaki, mapazia ya sebule yakiwa yamefungwa. Walikuwa wamenunua mandhari kisha wakayafunika. Ukienda kuangalia boti ya namna hiyo, nenda saa saba mchana, zima kila kitu, kaa ndani robo saa. Angalia ni madirisha mangapi yanayofunguka kweli. Katika boti nyingi mpya ni mawili, matatu, mengine yote ni ukuta wa kioo.

Kwenye boti za mita 15 hadi 25 kuna jambo jingine lililobadilika bila kelele. Mwaka 2005 Volvo Penta, kampuni ya injini za boti, ilileta mfumo wa kusukuma boti uitwao IPS, ambao propela zake ziko chini ya boti na zinatazama mbele. Wajenzi wakaweza kuzisogeza injini nyuma, na katikati, penye upana mkubwa na mtikisiko mdogo, pakabaki nafasi ya chumba cha mwenye boti. Uzuri wake unaujua ukilala humo. Gharama yake ni ubavu wa boti: ili chumba kipate kimo, sitaha hupandishwa, na boti inakuwa ndefu kwenda juu. Mitambo ya jairo, yenye gurudumu zito linalozunguka kasi, ya kutuliza mrama imesaidia kuficha ule uzito wa juu boti ikiwa imetia nanga, na ni mitambo mizuri, ila haipunguzi upepo. Boti yenye mbavu ndefu hushikwa na upepo mnapokaribia gati, na mtu wa kamba anajikuta yuko juu mno, hana pa kukanyaga. Tembea ubavuni mwake kutoka nyuma hadi mbele ukiwa umebeba kitu mkono mmoja. Kama huwezi kupita bila kujigeuza upande, mchoraji aliitoa njia yako akaipa sebule.

Hayo yote yasikufanye udhani nakusukuma kwenye boti za mbao za mahogani. Riva Aquarama, iliyotoka mwaka 1962 na kujengwa hadi 1996 kwenye ziwa Iseo kule Italia, ni chombo ambacho sijaona mtu akikipita bila kusimama. Mstari wake wa juu unapanda taratibu kuelekea omo, na mbavu za nyuma zinajikunja kwa ndani; hakuna pembe hata moja iliyowekwa kwa ajili ya kuonekana. Lakini vanishi chini ya jua ni kazi isiyokwisha. Unasugua, unapaka, unasugua tena, na mwaka haujaisha mionzi imeshaanza kuila. Maji ya mvua yasiyo na chumvi, yakisimama kwenye kona isiyopita hewa, huozesha mbao haraka kuliko bahari yenyewe. Anayetaka boti ya mbao awe na banda la kuifunika na fundi anayeipenda. Akikosa kimoja, aiache kwa mwingine.

Kati ya pande hizo mbili kuna boti zenye sura ya zamani juu na ufundi mpya chini. Mfano unaotajwa mara nyingi ni Picnic Boat ya Hinckley, iliyotoka Maine, Marekani, mwaka 1994: mistari ya boti za wavuvi wa kambakoche wa huko, mwili wa faibaglasi, na injini inayosukuma kwa kurusha maji badala ya propela ya kawaida, hivyo inapita hata penye kina kifupi. Kwa watu wawili wanaotoka mchana, sioni kinachoshinda boti ya namna hii. Kwa familia ya watu sita wanaotaka kulala, ni pesa nyingi kwa vitanda vichache. Na ukiichagua kwa rangi ya buluu iliyokolea, kama wengi wanavyofanya, jua kwamba rangi hiyo hunyonya joto na kuonyesha kila alama ya chumvi.

Kuhusu sura kuzeeka, nina kipimo changu. Tazama boti nyeupe za miaka ya 1990, zile zenye mikunjo mingi na madirisha meusi yaliyopinda. Wakati wake zilionekana za kesho. Zilichozeeka nacho ni mapambo: mkunjo usio na kazi, dirisha la bandia lililopakwa rangi nyeusi. Boti za enzi hizohizo zilizochorwa kwa kutii maji na watu bado zinaendelea vizuri, hata kama hazitazamwi sana. Kwa hiyo kwenye boti ya leo, tafuta kinachofanana na ile mikunjo. Mimi ninashuku vile vipande vya ubavu vinavyokunjuka kuwa baraza juu ya maji. Kwenye boti ya mita 40 vina maana. Kwenye ya mita 12 vinaongeza bawaba, mitambo ya haidroliki na mipira ya kuzuia maji ambayo siku moja itavuja.

Boti ikiuzwa Ulaya, soma bamba lake la daraja, linaloonyesha boti imepangiwa mawimbi ya kiasi gani, kabla ya kusoma brosha. Daraja B limepangiwa mawimbi ya hadi mita 4, daraja C ya hadi mita 2, na zipo boti zenye uso wa kivita ambazo ni za daraja C. Kisha omba majaribio siku yenye upepo, uende mwenyewe kwenye chumba cha mbele boti ikiwa kwenye mwendo wake wa kawaida, ukae kitandani. Usikilize mawimbi yakipiga chini ya omo, milango na makabati yanavyogonga, halafu umwambie nahodha abadili pembe ya kuyakabili mawimbi na usikilize tena.