Ofisini hakuna kamera: kwa wadogo zangu mnaoanza kazi

Wadogo zangu mnaoripoti kazini mwezi huu, wengi wenu mmeijua ofisi kwenye simu kabla ya kuiona kwa macho. Mmeangalia The Office, igizo la vichekesho la runinga, lile la Marekani lililorushwa na kituo cha NBC kuanzia Machi 2005 hadi Mei 2013, vipindi 201, na mnaingia getini mkiwa na majina tayari: bosi ni Michael, mwenye kung'ang'ania taratibu ni Dwight, na mimi ni Jim, yule mtani. Nayajua haya kwa sababu nami niliingia hivyo hivyo. Nilianza mwaka 2013, karani wa hesabu katika kampuni ya uwakala wa forodha karibu na bandari ya Dar es Salaam, na ndani ya wiki mbili nilikuwa nimeshawagawia majina watu wote wa ghorofa yetu. Majina yale yaliniponza, na kuna mtu yalimuumiza kuliko mimi.

Kwanza tuelewane kuhusu kamera. Igizo lile halina vicheko vya kurekodiwa. Limetengenezwa kana kwamba kuna wapiga picha wanaowafuata wafanyakazi wa tawi la Dunder Mifflin, kampuni ya kubuni inayouza karatasi mjini Scranton, Pennsylvania. Kila baada ya muda mhusika anaketi peke yake na kusema yaliyo moyoni. Dwight akitenda jambo, Jim anatupia jicho kamera, nawe umeshajulishwa wa kumcheka ni nani. Ofisini kwako hakuna atakayeketi akueleze kwa nini leo amenuna. Utaona mgongo wake, utasikia nusu ya mazungumzo yake ya simu, na nusu iliyobaki utaijaza mwenyewe kwa yale uliyozoea kuyaona kwenye igizo. Hapo ndipo tunapokosea.

Kwetu alikuwepo mzee mmoja wa kitengo cha nyaraka. Vikaoni hasemi. Mezani ana gazeti, na ikifika saa kumi na moja jioni anafunga droo yake, anaaga, anaondoka, hata kama bosi bado anaongea. Nikamwita Stanley moyoni, yule wa mafumbo ya maneno asiyetaka kusumbuliwa. Nilimsalimia shikamoo kila asubuhi kama nilivyofundishwa nyumbani, lakini swali la kazi sikuwahi kumpelekea. Miezi minne nikawa nauliza wenzangu wa rika langu, ambao nao walikuwa wakibahatisha.

Siku moja alipita nyuma ya meza yangu nikiwa naandaa ankara ya mteja wa vipuri vya matrekta. Akasimama, akasoma msimbo wa forodha kwenye kadhia, yaani fomu ya kutangaza mzigo forodhani, akasema, "Mwanangu, huu si wa matrekta, huu ni wa magari. Mwaka juzi walitukwamisha kwa hilo hilo." Akanivutia faili lenyewe kabatini bila kutafuta. Mzee yule alikuwa ndiyo kumbukumbu ya kampuni nzima. Na ile saa kumi na moja? Alikuwa akiwahi daladala la Mbagala, kwani baada ya Magharibi alikuwa na watoto wa madrasa wakimsubiri. Alifanya hivyo kwa miaka mingi, na asubuhi alikuwa wa kwanza kufika kuliko sisi sote. Kama ningemuuliza tangu wiki ya kwanza, ningeokoa makosa ambayo mpaka leo nikiyakumbuka najisikia vibaya.

Hata nyuma ya igizo lenyewe mambo yalikwenda hivyo. Phyllis Smith, aliyeigiza Phyllis, hakuletwa kuwa mwigizaji. Alikuwa akisaidia katika usaili, akiwasomea mistari waliokuja kujaribiwa, hadi walipogundua kwamba mtu wanayemtafuta yuko humo humo chumbani.

Sasa nije kwa Dwight, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Katika kipindi cha kwanza kabisa Jim anaitia stepla ya Dwight ndani ya jeli. Inachekesha, na itaendelea kuchekesha, kwa sababu dakika 22 zikiisha Dwight anarudi wiki ijayo akiwa mzima, hakuna mteja aliyepotea, hakuna mshahara uliochelewa.

Dwight wetu alikuwa dada mmoja wa masurufu. Ukichukua fedha ya safari, ukirudi bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hapokei marejesho yako. Uwe dereva, uwe meneja, hapokei. Vijana tulimchukia kwa hilo. Asubuhi ya Ijumaa moja nikaficha muhuri wake kwenye droo yangu ili nimwone akiutafuta. Saa sita nikatumwa bandarini, foleni ikawa ndefu, nikasahau. Niliporudi saa kumi nilimkuta bado anatafuta, meza yake yote iko sakafuni, na benki imeshafunga. Fomu ya kuhamisha fedha ilihitaji muhuri ule. Fedha hizo zilikuwa za dereva wetu aliyekuwa Tunduma na mzigo wa kwenda Zambia. Alilala ndani ya lori mpaka Jumatatu, akila kwa kukopa kwa mama lishe.

Niliutoa muhuri. Yule dada aliupokea, akaufuta vumbi, akaanza kurudisha karatasi mezani. Hakusema neno. Ilinichukua wiki nzima kwenda kumwomba radhi, na wiki hiyo ndiyo iliyokuwa kosa la pili. Nilipokwenda aliniambia kwamba kabla sijaja, mkaguzi wa hesabu alikuta vocha zisizo na risiti, na aliyekatwa mshahara alikuwa yeye. Ule "ushupavu" wake tuliokuwa tukiucheka ulikuwa ukitulinda sisi pia.

Kwa hiyo, mdogo wangu, utani ofisini upo na ni mzuri. Tutaniane kwa maneno, kwa timu za mpira, kwa makabila yetu kama tulivyozoea. Kifaa cha kazi cha mtu usikiguse.

Bosi wa aina ya Michael Scott yupo kweli, na kwa jinsi nilivyoona, ni wengi. Walikuwa wauzaji hodari, au mafundi hodari, wakapandishwa cheo kwa sababu hiyo, na hakuna aliyewafundisha kuongoza watu. Wanataka kupendwa. Atakununulia chakula cha mchana, atakuita mwanangu, na siku moja amefurahi atakuambia, "Mwakani wewe nakupandisha mshahara." Mkumbuke kile kipindi ambacho Michael anarudi kwa wanafunzi aliowaahidi, walipokuwa wadogo, kwamba akiwaona wamemaliza shule atawalipia chuo. Wamemaliza, wamemwandalia wimbo na ngoma, naye hana fedha. Wengi hukiona kipindi hicho kigumu kukitazama. Mimi nadhani ndicho chenye ukweli mwingi kuliko vyote, kwa sababu Michael hakudanganya siku alipoahidi. Aliamini.

Dawa yake ni ndogo na haina ugomvi. Bosi akikuahidi jambo, jioni hiyo hiyo mwandikie barua pepe ya mistari mitatu: asante kwa mazungumzo ya leo, nimeelewa kwamba baada ya kipindi cha majaribio mshahara wangu utaangaliwa upya, tafadhali nirekebishe kama nimeelewa vibaya. Basi. Akijibu "sawa", unayo. Akinyamaza, pia umeshajua kitu.

Halafu Toby, yule wa rasilimali watu. Michael anamchukia, na husema kwamba Toby si wa familia yao maana ni mtu wa makao makuu. Ndani ya chuki hiyo mna ukweli ambao vijana wengi hawaujui: afisa rasilimali watu ameajiriwa na mwajiri. Anaweza kuwa mtu mwema sana, na wengi ni watu wema, lakini usiende kwake kutua mzigo wa moyo kama unavyokwenda kwa shangazi. Nenda na tarehe, nenda na karatasi, nenda ukijua haki yako. Kwa mliopo Tanzania, isomeni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, angalau kurasa za likizo na za kuachishwa kazi. Likizo ya mwaka ni siku 28. Ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo, kwa hiyo miezi hiyo ya mwanzo itembee kwa uangalifu. Na unyanyasaji, ukiwemo ule wa kijinsia, sheria hiyo inauhesabu kuwa ubaguzi. Vichekesho vimetuzoesha kucheka bosi anapomwambia binti maneno ya aibu mbele ya watu. Kwenye ofisi yako usicheke. Kama aliyeambiwa ni mwenzako, mwambie ulisikia, na kwamba uko tayari kuandika ulichosikia.

Mapenzi ya Jim na Pam siyazungumzii sana, watu wazima mtaamua wenyewe. Ila Pam mwenyewe mtazameni kwa jicho jingine. Ameketi mapokezi, simu zote zinapitia kwake, anajua nani amekuja kumwona nani. Wa kwetu pia ni hivyo: dada wa mapokezi, mlinzi, dereva, mama wa chai. Wanajua kampuni inadaiwa na nani kabla mhasibu hajajua. Wasalimieni kwa majina yao, na aliye mkubwa kwenu apewe shikamoo yake hata kama ameshika fagio na wewe umeshika shahada.

Yule dada wa masurufu tuko naye mpaka leo, sasa ni mhasibu mkuu. Mwezi uliopita nilirudi kutoka Tunduma, nikampelekea marejesho yangu. Alizihesabu risiti moja moja mbele yangu, akaitenga ya mafuta ambayo wino wake ulikuwa umefifia, akanirudishia. Nikampigia simu mwenye kituo cha mafuta aitoe tena.