Tangi Halijai? Acheni Kwanza Hizo Bolti

Juzi nimetoka kuswali adhuhuri, narudi gereji nakuta tangi la Probox limelala kwenye gunia, na vijana wawili wamelizunguka kama watu wanaochuna mbuzi wa arusi. Nikauliza, gari lina nini? "Halijai, fundi. Pampu ya kituoni inakata." Nikauliza tena, mmemuuliza mwenyewe maswali mangapi kabla ya kufungua bolti ya kwanza? Kimya. Mmoja akatazama viatu vyake, na hata viatu hakuwa navyo, alikuwa na ndara.

Wanangu, nina miaka 20 na kitu nalala chini ya magari hapa Malindi. Kosa hilo nimelifanya mimi, tena vibaya kuliko nyinyi. Kusema nimesema mpaka koo limekauka, basi leo naandika.

1. Jueni kwanza pampu inakata kwa nini. Nozeli, ule mdomo wa pampu ya kituo unaoingizwa kwenye gari, haina akili. Nchani ina kitundu kidogo kinachovuta hewa. Mafuta yakikifunika, inajifunga. Tak. Haijui kama tangi limejaa au ni tupu. Mafuta yakiingia, hewa iliyomo sharti itoke, na ikikosa njia, mafuta yanarudi kupanda kwenye shingo ya tangi, yanafunika kitundu, tak. Umeshajaza mtungi wa lita 20 kwa faneli iliyobana mdomo wote? Unavyobwabwaja na kukutemea maji usoni? Ni hivyo hivyo. Ukiambiwa pampu inakata, tafuta hewa imekwama wapi.

2. Uliza inakata kituo kimoja au vyote. Kikiwa kimoja, gari halina kosa, mrudishie mtu ufunguo wake.

3. Uliza nani aliligusa tangi mara ya mwisho. Na hapa niwape aibu yangu.

Kulikuwa na mwalimu mstaafu wa Mambrui, mtu mpole, na gari lake kuukuu la saluni la Kijapani. Aliniletea nibadilishe pampu ya ndani ya tangi. Nikashusha, nikabadilisha, nikapandisha magharibi inaingia, mbio mbio, maana kulikuwa na mpira kwenye runinga. Gari likawaka mara moja. Nikajiona fundi wa mafundi.

Baada ya siku tatu akarudi. "Mwanangu, mafuta hayaingii vizuri." Nikamwambia tatizo ni kituo anachonunua, presha yao kubwa. Akaenda kingine, akarudi. Nikamwambia ajaribu Watamu. Watamu! Mtu wa Mambrui! Akaenda, masikini ya Mungu, akarudi akaniambia taratibu kwamba na huko pia inakata.

Hapo ningepiga magoti tu nikaitazama kazi yangu mwenyewe. Mimi nikapiga hesabu. Nikamwambia tangi limebonyea, linataka jingine. Nikaagiza la mtumba kutoka Mombasa, likaja juu ya keria ya matatu, akalipa bila kuomba apunguziwe. Nikalifunga. Pampu ikakata vile vile. Ilikuwa Februari, joto la kaskazi lile mnalolijua, na mimi natoka jasho la baridi.

Na katikati ya hayo, wakati tangi linangojewa, alitakiwa ampeleke mkewe kliniki Mombasa alfajiri. Alisimama kwenye pampu karibu nusu saa, kijana anayadondosha mafuta kidogo kidogo, matatu nyuma zinapiga honi, na bibi amekaa ndani ameshika kadi yake ya hospitali kwa mikono miwili. Hilo hakunieleza mwalimu. Nilielezwa na kijana wa pampu miaka miwili baadaye, tena akicheka.

Aliyegundua ni mzee aliyenifundisha spana. Alipita kuomba maji ya kunywa tu. Akanisikiliza, akalala chini, akapeleka mkono juu ya tangi mahali ambapo jicho halifiki, akatulia. Kisha akaushika mkono wangu akauvuta mpaka pale. Ile paipu ndogo ya kupumulia, inayokwenda sambamba na paipu kubwa ya kujazia, ilikuwa imebanwa kati ya tangi na bodi, bapa kama chapati. Niliibana mara ya kwanza, na tangi la pili nikaibana palepale. Mzee hakusema neno. Alikunywa maji yake, akarudisha kikombe, akaenda zake.

Pesa za tangi nilimrudishia mwalimu kwa awamu tano. Ya tatu nilichelewa nayo, nikawa nakwepa njia yake sokoni. Siku tuliyokutana uso kwa uso, aliniamkua yeye kwanza.

Kwa hivyo tangi likipanda, pitisha kidole kwenye kila paipu kabla hujakaza.

4. Kanista ya mkaa, kile kikopo ambacho hewa ya tangi hupitia ikitoka nje. Magari mengi ya petroli ya siku hizi yanayo. Mkaa ule unanasa mvuke wa petroli usipotee hewani, na injini ikiwaka inauvuta na kuuchoma. Unachopenda ni mvuke. Petroli yenyewe inaulowesha na kuuharibu. Sasa mtazame mteja wetu: pampu imekata, tangi limejaa kweli, naye anasema "ongeza, fikisha elfu tano kamili", kisha anashuka analitikisa gari kama gunia la mahindi ili yashuke. Petroli inakwenda moja kwa moja kwenye mkaa. Ukishalowa hewa haipiti, na chembe zikimeguka zinakwenda kuziba valvu. Halafu anakuja kwako anasema gari limelogwa.

Kupima ni rahisi. Chomoa paipu inayotoka tangini kwenda kwenye kanista, mbali na moto, jaza polepole lita tano. Yakiingia bila kukata, ugonjwa uko kwenye kanista au mbele yake. Yakikataa, rudi kwenye shingo na zile paipu mbili. Valvu ya hewa ya kanista hukaa wazi ikiwa haina umeme, kwa hivyo ichomoe, uweke mpira safi, upulize, pumzi ipite. Kwa mdomo, nimesema. Mwaka jana kuna bwana mmoja hapa, simtaji na anajijua, alipuliza kwa kompresa ya matairi na tukanunua valvu mbili. Mashine ya kusoma hitilafu za gari ikiwaletea namba P0446, anzeni na valvu hiyo na waya zake.

Dizeli haina mkaa; hiyo ikikata, mara nyingi ni povu, jaza taratibu.

5. Gari la Gongoni au Marereni, la kwenye mashamba ya chumvi, litazamwe shingo kabla ya kitu kingine. Kutu inakula kwa ndani, ganda linaanguka, linaziba. Na paipu ya mpira ya zamani inaweza kuwa nzima kwa nje na kwa ndani imevimba. Ibonyeze; ikiwa laini kama ndizi mbivu, itoe.

6. Moto. Juzi tangi lilikuwa wazi, na mama wa viazi karai ana jiko lake hatua kumi kutoka hapo, mkaa mwekundu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini usiuone. Ilibidi ninunue viazi vyote vilivyokuwa kwenye karai ndiyo akubali kuzima. Mkavila nyinyi, na mkaomba ukwaju.

Sasa hiyo Probox. Nilimpigia mwenyewe simu, nikamuuliza jambo moja: lilikuwa limeegeshwa wapi? Akasema Kakuyuni, chini ya mwembe, wiki sita, yeye alikuwa safarini. Nikachukua waya mwembamba nikauingiza kwenye mdomo wa paipu ya hewa ya kanista. Kikatoka kiota cha nyigu, udongo umefinyangwa vizuri kama chungu, na ndani buibui wawili wakavu. Dakika saba, na sikushika hata spana.

Tangi bado liko chini kwenye gunia. Kesho saa mbili asubuhi lipande. Kabla hamjakaza bolti ya mwisho mniite, nataka kupeleka mkono wangu mwenyewe pale juu.