Stabilaiza ya bomba la plastiki: uzito ndio kazi yenyewe

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama stabilaiza (kifaa cha kutuliza kamera) ya mabomba ya maji inafaa kwa video za harusi au ni ya kuchezea tu, maana bei ya gimbali ya umeme, ile inayotuliza kamera kwa mota, bado hujaifikia. Mimi narekodi harusi hapa Tanga, na ya bomba ndiyo niliyoanzia kazi. Inafaa. Tatizo ni kwamba wengi wanaoitengeneza wanataka iwe nyepesi, na hapo ndipo wanapoiua.

Kinachotuliza kamera ni uzito uliokaa mbali na mkono. Kamera ikiwa mkononi peke yake, kila ukitikisa kiganja nayo inageuka. Ukiifunga ncha moja ya bomba na chuma ncha ya pili, inakuwa ngumu kugeuka, na mitikisiko midogo haifiki kwenye picha. Hata Steadicam, stabilaiza ya sinema ya Garrett Brown, iliyobuniwa Marekani miaka ya 1970, inategemea kanuni hiyo.

Chukua bomba la maji la inchi robo tatu, lile nene. La kupitishia nyaya za umeme linapinda. Unganisha kwa elbo upate umbo la herufi C: juu kamera, chini wosha nzito zilizobanwa kwa bolti na nati, mgongo wa C uelekee mbele. Usipake gundi mpaka umemaliza kupima, kwa sababu gundi ya bomba ikishashika haikupi nafasi ya pili. Mpini ufunge tyubu kuukuu ya baiskeli. Mafundi wa Ngamiani hapa Tanga wanazo tele, na mkono hautelezi kwa jasho.

Chunga sana bolti ya kamera. Tundu lile ni la robo inchi, hesi 20 kwa inchi. Dukani watakupa ya milimita 6, itaingia mizunguko ya mwanzo vizuri tu, ukiilazimisha umeharibu hesi za kamera. Kama huipati, chomoa ya kwenye stendi iliyokufa.

Sasa kiungo cha mpini, ambacho ndicho roho ya kifaa. Kinakaa chini ya kamera, ndani ya C, na lazima kicheze pande zote. Mimi natumia kile chenye tufe ndani kinachokaa mwisho wa fimbo ya gia kwenye baadhi ya pikipiki. Kikiwa kigumu kioshe kwa petroli, kikikauka tia tone la mafuta ya cherehani. Kikikwama hata kidogo, mkono wako unaisukuma kamera na umerudi ulikotoka.

Kupima: sogeza kamera kushoto, kulia, mbele, nyuma mpaka isimame wima yenyewe. Kisha ilaze, iachie, hesabu. Ikichukua kama sekunde mbili kufika wima, umepata. Ikianguka haraka, chini kumezidi uzito. Kila utakapoanza au kusimama kutembea itabembea. Punguza wosha moja moja. Isiporudi wima, ongeza. Ukibadilisha lenzi, au ukiivuta ikarefuka, unapima upya, hakuna njia ya mkato.

Usitarajie iondoe kupanda na kushuka kwa hatua. Hiyo ni kazi ya mkono wenye springi kwenye mashine kubwa. Huku kwetu ni magoti. Yakunje kidogo, tanguliza kisigino, tembea taratibu. Bibi harusi akiingia ukumbini utarudi kinyumenyume, kwa hiyo tafuta mtu wa kukushika mkanda, maana mashangazi wenye simu hawamwoni mpiga video.

Ufukweni, Raskazone kwa mfano, upepo wa jioni unaizungusha. Vidole viwili vya mkono wa pili viguse bomba chini kidogo ya kiungo, bila kubana. Upepo ukizidi, panga picha za kusimama tu.

Ukikwama kwenye kiungo, weka picha hapa tuone.