Anti wa Safari anajibu: Suriname na mtoto mdogo, tukae mjini au tupande mto?

SWALI: Shikamoo anti. Mi nakaa Rotterdam, mume wangu wazazi wake ni wa Suriname, ile nchi ya Amerika Kusini, ila yeye kazaliwa hukuhuku Uholanzi. Mwezi wa tisa tunaenda kwao mara ya kwanza, tuna mtoto wa miaka sita. Ndugu zake wanasema tukae tu Paramaribo, mji mkuu, eti porini ni mateso. Pasi yangu bado ya Tanzania na sisi ni Waislamu. Naomba uniambie kila kitu, pesa, nguo, chakula. – Mama Mtoto, Rotterdam

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao ndugu waheshimu, wapelekee zawadi, halafu msiwasikilize. Kwenda Suriname ukaishia Paramaribo ni kama mgeni aje Tanzania aishie Kariakoo. Mji mzuri sikatai, zile nyumba za mbao nyeupe za enzi za Mholanzi ziko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2002, na mtaa wa Keizerstraat msikiti na sinagogi vimekaa ubavu kwa ubavu, nendeni mkaone. Siku tatu zinatosha. Zaidi ya asilimia 90 ya nchi ile ni msitu, sasa mtu utaiona vipi ukiwa umekaa mjini?

Mwezi wa tisa mmepatia, ni kiangazi chao kirefu, kinaanza katikati ya Agosti mpaka kwenye Desemba hivi. Jua ni kali, kofia ya mtoto isisahaulike. Gari mpaka Atjoni, barabara inaishia pale, mbele ni Mto Suriname na mnapanda korjaal, ile boti ndefu nyembamba ya mbao yenye injini nyuma, na mbele anakaa kijana na mti mrefu anasoma mawe, maana kiangazi maji yanapungua na mawe yanachomoza, sehemu nyingine wanaweza kuwashusha mtembee kidogo ukingoni wao wavushe boti kwanza. Mtoto atafurahi kuliko nyie. Ila dai jaketi la kuokolea la saizi yake kabla hamjalipa, sio mkishafika mtoni, na simu na pasipoti vifungeni kwenye mfuko wa plastiki kabisa.

Vijiji vya huko juu ni vya Wasaramaka, watu ambao mababu zao walitoroka utumwa kwenye mashamba ya Waholanzi wakapigana mpaka wakapewa mkataba wa amani mwaka 1762, kwahiyo usiingie kama unaingia sokoni. Kijiji kina mkuu wake, wanamwita kabiteni, mwenyeji wenu awapeleke kusalimia kwanza. Picha omba ruhusa, na kuna sehemu za mizimu hazipigwi kabisa. Wanawake wanajifunga pangi, kitambaa cha mirabamiraba kiunoni, yaani wewe beba khanga zako mbili tatu utakuwa umevaa vizuri kuliko watalii wote.

Chakula ndo usiwe na wasiwasi hata kidogo. Wahindi walianza kuletwa kule 1873, Wajava, watu wa kisiwa cha Java huko Indonesia, 1890, na wengi wa Wajava ni Waislamu, kwahiyo roti ya kuku na vibanda vya Kijava vya Blauwgrond, mtaa wa hapo Paramaribo, ni vya kumwaga, uliza tu kama ni halali. Kunyweni saoto, supu ya kuku na yai. Pilipili yao ya njano, Madame Jeanette, mtoto asiiguse! Kitu kimoja kitawachekesha: Wajava wa zamani walikuwa wanasali wakielekea magharibi kama walivyozoea Java, na ipo misikiti inayofuata hivyo mpaka leo. Kibla cha kule ni mashariki, usije ukababaika ukikuta safu zimeelekea upande mwingine.

Pesa ni dola ya Suriname, badilisha yuro kwenye kambio za mjini na uchukue noti ndogondogo kabla ya kupanda mto, huko juu usitegemee mashine. Na viza usidhani mume akiingia na pasi ya Kidachi na wewe umeingia, masharti yanaangalia pasi ya mtu, soma tovuti ya serikali yao kabla ya kulipia tiketi.

SWALI: Anti, mi nitatokea Mombasa kupitia Amsterdam. Chanjo gani lazima? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Homa ya manjano, hiyo haina mjadala, na choma siku kumi au zaidi kabla ya kusafiri ndo cheti kihesabike. Kadi kaa nayo mkononi, usiitie kwenye begi kubwa. Kwa malaria na dengi muulize daktari, na dawa ya mbu ya kupaka nunua huku huku. Cha pili, ulizia shirika la ndege kama pasi yako inahitaji viza ya kupita Amsterdam, hasa kama tiketi ni mbili tofauti na mzigo unautoa mwenyewe.

SWALI: Plagi zetu zinaingia? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Haziingii, wao wanatumia ya pini mbili za duara, nunua adapta. Na umeme wao ni volti 127, mdogo kuliko wetu, chaja ya simu haina shida, angalia imeandikwa 100 mpaka 240. Pasi ya nguo na birika acha nyumbani, vitapata uvuguvugu tu.