Re: Kwa nini watu na mizigo wasipande roketi moja?

Mkuu umeuliza kwa nini NASA, shirika la anga la Marekani, walihangaika kubuni roketi ya watu na nyingine ya mizigo wakati zile shato zao (space shuttle, vyombo vya anga vyenye mabawa) zilikuwa zinabeba vyote. Jibu lipo kwenye ajali za shato mbili, Challenger 1986 na Columbia 2003, kila moja ilikufa na watu 7. Shato ilikuwa inakaa ubavuni mwa tangi la mafuta, sasa hiyo Columbia kipande cha povu kilibanduka kwenye tangi wakati inapaa kikatoboa bawa la kushoto, siku ya kurudi joto likaingia humo ikasambaratika. Ukiwaweka watu juu kabisa hakuna cha kuwadondokea, na mambo yakiharibika kapsuli, kile chumba cha watu, inachomolewa fasta, Oktoba 2018 roketi ya Warusi, Soyuz, ilifeli njiani na wanaanga wawili waliokuwemo wakatua wazima kabisa.

Halafu kuna gharama. Sisi wa Dom tunajua, huwezi kukodi basi la abiria ukabebe magunia ya alizeti Singida, gunia halihitaji siti wala hewa. Ndo NASA wakaja na mpango wa Ares I ya watu na Ares V ya mizigo, bahati mbaya 2010 serikali ya Marekani ikaona pesa inaliwa tu ikaamua kuufuta.

Ila si sheria bana, Falcon 9 ileile, roketi ya kampuni ya SpaceX, inapeleka watu tangu 2020 na mizigo pia, safari tofauti tu. Starship, roketi yao nyingine kubwa, haina hata mnara wa kuwachomoa watu hatari ikitokea, hapo mi bado nina mashaka.