Maswali ya Wasomaji: Tovuti 22, Dashibodi Moja

Hamjambo wataalamu. Nahudumia tovuti 22 za wateja, zote za WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti. Ili nisiingie moja moja kila Jumatatu, nilisakinisha MainWP, zana ya kusimamia tovuti nyingi kutoka mahali pamoja, ndani ya tovuti ya mteja mmoja mwenye seva nzuri. Sita zimekataa kuunganishwa, na kazi nilizopanga zifanyike usiku naamka nikizikuta hazijaguswa. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Ngara*

Hatujambo. Kosa la kwanza ni mahali ulipoiweka dashibodi, na hilo lirekebishe wiki hii. Dashibodi ya MainWP ni plagini, yaani programu ya nyongeza, inayokaa kwenye WordPress moja. Kila tovuti ya mteja huwekewa plagini nyingine, MainWP Child, ya kupokea amri. Kwa hiyo yeyote mwenye nenosiri la msimamizi kwa mteja huyo mmoja ameshika funguo za wengine 21. Sakinisha WordPress mpya kwenye kikoa tanzu (subdomain) chako mwenyewe, ifiche kwa injini za utafutaji, iwekee uthibitisho wa hatua mbili, na usiijaze plagini nyingine. Ipe PHP, lugha inayoiendesha WordPress, kumbukumbu ya MB 256. Kabla ya kuhama, zima MainWP Child kwenye kila tovuti kisha uiwashe tena, maana hubaki imefungamana na dashibodi ya zamani na itaikataa mpya.

Zile sita huenda zinazuiwa na kinga (firewall). Kama tovuti ina Wordfence, plagini ya kinga, fungua ukurasa wake wa Live Traffic, bonyeza kuunganisha, uangalie kama ombi limezuiwa dakika hiyo hiyo. Likiwa limezuiwa, ruhusu anwani ya IP ya seva yenye dashibodi. Wengi huruhusu IP ya kompyuta yao, nayo haihusiki, kwa sababu amri hutoka kwenye seva. Kinga ikiwa ya kampuni ya seva au ya Cloudflare, huduma inayokaa mbele ya tovuti, ruhusu huko. Kama hakuna kilichozuiwa, hakikisha jina la msimamizi uliloandika lipo kweli kwenye tovuti ile, na kwamba anwani inafanana na iliyo kwenye mipangilio yake, pamoja na https na www.

Kuhusu usiku: saa ya WordPress huamshwa na wageni. Kazi ikifika wakati wake na hakuna aliyefungua ukurasa, inangoja, na dashibodi yako haina mgeni saa nane usiku. Ingia cPanel, jopo la kusimamia seva ya dashibodi, sehemu ya Cron Jobs (kazi za ratiba), uweke amri hii kila baada ya dakika 5:

`wget -q -O - https://anwani-yako/wp-cron.php?doing_wp_cron >/dev/null 2>&1`

Ukishaona inafanya kazi, ndipo uongeze `define('DISABLE_WP_CRON', true);` kwenye wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress. Fuata mpangilio huo huo: ukianza na mstari huu ukasahau cPanel, hakuna kazi yoyote itakayofanyika.

Nilibonyeza kusasisha zote kwa mpigo. Dashibodi ilionyesha kijani kila mahali, lakini duka la mteja likawa linapokea pesa za M-Pesa bila kuthibitisha oda. Niache kusasisha?
*Msomaji, Umoja*

Usiache, plagini iliyozeeka ni mlango wazi kwa wadukuzi. Acha kile kitufe cha zote. Tenga tovuti zenye kurasa tu na zile za maduka. Za kurasa, chukua nakala ya faili na ya hifadhidata, uzihifadhi nje ya seva ile ile, sasisha mbili, ngoja siku moja, kisha zilizobaki.

Duka husasishwa peke yake, asubuhi ya katikati ya wiki, kamwe si Ijumaa jioni wala mwisho wa mwezi. Safisha kashe (nakala za muda za kurasa), kisha nunua kwa simu yako bidhaa ya majaribio ya shilingi 10. Ombi la PIN lije, pesa zitoke, na oda ibadilike. Pesa zikitoka na oda ikabaki inasubiri malipo, ujumbe wa majibu kutoka Safaricom haukuifikia tovuti. Angalia kwanza kama kinga imeuzuia, kisha fungua mipangilio ya viungo vya kudumu (Permalinks) na uihifadhi upya. Rangi ya kijani haiwezi kukuonyesha hitilafu hii: inasema tu ukurasa umefunguka.

Mteja wangu wa kliniki anauliza: taarifa za wagonjwa zikivuja, nani ataarifu nani?
*Msomaji, South B*

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka muwe na mkataba wa maandishi. Wewe unayechakata data kwa niaba yake umjulishe bila kukawia, ndani ya saa 48 inapowezekana. Yeye humjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue. Andikeni pia mkiachana itakuwaje: ondoa MainWP Child, futa akaunti yako ya msimamizi, na futa nakala zake zote ulizobaki nazo.