Kabla ya Kununua Saa ya Mkono, Ulizia Mtambo Wake

Wengi wanaoniomba ushauri wa saa huanza na rangi na mkanda. Mimi huwauliza kwanza kama wataivaa kila siku, kwa sababu jibu hilo ndilo linaloonyesha mtambo unaowafaa.

Anayetaka saa sahihi isiyomsumbua, namwambia achukue ya betri. Ndani yake mna kipande cha fuwele ya madini ya kwatsi ambacho kikipata umeme hutetema mara 32,768 kwa sekunde. Saketi huigawa idadi hiyo kwa mbili, mara 15 mfululizo, hadi libaki pigo moja kila sekunde, na pigo hilo ndilo linaloirusha akrabu (mshale) ya sekunde hatua moja. Seiko, kampuni ya Kijapani, waliitoa saa ya kwanza ya aina hii sokoni mwaka 1969. Betri ikiisha, itoe mapema; ikikaa humo huweza kuvuja na kula mtambo.

Saa ya springi ndiyo inayonikosesha usingizi kwa kuipenda. Haina umeme kabisa. Springi kuu iliyokazwa inataka kufunguka, na ingeachiwa ingemaliza nguvu zake mara moja. Anayeizuia ni gurudumu la mizani, linalokwenda huku na kurudi kwa msaada wa springi nyingine nyembamba kama unywele, likiyaachia meno ya gurudumu jirani yapite moja moja. Mlio wa tik-tik ndio huo. Katika saa nyingi za sasa mlio huo hutokea mara nane kwa sekunde, na ndiyo maana akrabu ya sekunde huonekana kama inateleza. Ikikosea sekunde kumi kwa siku, usiirudishe dukani. Ni kawaida yake.

Saa ya otomatiki ni hiyohiyo ya springi, ila ina kipande kizito cha nusu duara ambacho, mkono wako unapotikisika, huzunguka na kuikaza springi. Mimi huivaa kila siku, kwa hiyo haisimami. Ukiiacha mezani, nyingi husimama baada ya saa 40 hivi.

Kwa saa zenye tarehe, nasisitiza hili: usiibadilishe tarehe kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku. Katika mitambo mingi meno ya tarehe huwa yameshikana wakati huo, na kulazimisha huyavunja.

Na saa ya springi ikianza ghafla kukimbia dakika kadhaa kwa siku, kabla hujakubali ifunguliwe, mwombe fundi aipime kama imeshika sumaku. Spika au simu huweza kuisababisha, na kuiondoa ni kazi ya sekunde chache.